Hatukumwosha Yides

Kwa miaka ishirini na sita Frimet Landesman alikuwa mpishi wa shule ya wasichana hapa kwetu Borough Park, mtaa wa Wayahudi mjini New York, na simu ilipolia kwamba kuna marehemu mwanamke, alivua aproni, akanawa, akaenda kuosha maiti. Kazi ya kwanza kila mtu aliijua. Ya pili haizungumzwi mezani.

Kundi letu lilikuwa na waoshaji wanne. Frimet ndiye aliyetuongoza. Mkono wake wa kulia alikuwa Yides Obstfeld, shoga yake tangu darasa la pili, mwanamke mfupi, mnene, aliyesuka na kutengeneza sebuleni kwake mawigi ya nusu ya wake za mtaa huu, maana kwetu mke haonyeshi nywele zake. Wa tatu nilikuwa mimi, Breindel, jirani yake Frimet, ukuta wetu mmoja. Wa nne alikuwa mama mtu mzima aliyevunjika nyonga kabla mambo haya hayajaanza, na hamo katika habari hii.

Ndani ya chumba cha kuoshea hatuongei ila maneno ya sala. Tukitoka tu, Yides alikuwa hajizuii.

"Frimet," alisema siku moja tukinawa mikono uani, "mimi usije ukanivutia ile kofia ya sanda mpaka kwenye nyusi. Kwa ufupi huu nitaonekana uyoga."

"Ukitangulia nitakufunga nitakavyo."

"Nitangulie mimi? Nani kakwambia? Mimi ndiye nitakayekuosha wewe. Na kwa mgongo huo, itabidi niombe msaada wa wanaume."

Frimet, ambaye hakuwa mtu wa kucheka hovyo, alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini chini ya utani huo palikuwa na ahadi. Walikuwa wamepeana mikono miaka mingi nyuma kwamba atakayebaki atamwosha mwenzake, yeye mwenyewe, asimwachie mtu.

Ule mwaka wa korona, Purimu, sikukuu yetu ya furaha, iliangukia mwanzoni mwa Machi. Tulisherehekea kama kawaida yetu, milango wazi, watu wanaingia nyumba hii na kutoka ile na sahani za vitafunwa, wanaume wanacheza wameshikana mabega. Wiki moja baadaye ving'ora vilikuwa havinyamazi. Serikali ya jimbo ilikataza mikusanyiko. Shule zikafungwa, sinagogi zikafungwa. Rabi wetu, mzee wa miaka themanini na kitu, alizungumza na sisi sote kwa simu, kila nyumba imeweka spika mezani.

"Kuokoa uhai kunatangulia Sabato," alisema, "seuze sala ya pamoja. Amri ya serikali hapa ni amri ya Torati. Kila mtu asali peke yake nyumbani kwake. Atakayekusanya watu, damu yao iko mikononi mwake."

Nilikuwa nimekaa ngazini nje nikimtoa mtoto apate hewa, na Frimet alikuwa kwenye ngazi yake. Nilimsikia mumewe, Lipa, akizima spika kabla rabi hajamaliza.

Lipa alikuwa muuza kofia, mtu mpole kwa wateja na mgumu kama jiwe kwa jambo alilolishika. Siku ya tatu baada ya tangazo lile, alianza kukusanya wanaume kumi, idadi ambayo sala yetu ya pamoja haifanyiki bila hiyo, katika chumba cha chini cha nyumba yake. Walikuja wawili wawili kwa uchochoro wa nyuma, shali za sala zimefichwa chini ya makoti. Pazia lilifungwa kwa misumari. Mimi niliwasikia kila asubuhi kupitia ukuta, nikinyonyesha. Amina zao zilikuwa zinanifikia kama watu wanaozungumza ndani ya pipa.

Kwa hiyo nilijua. Niseme hilo mapema, nisijifanye mtakatifu.

Frimet hakunyamaza mwanzoni. Kuta zetu ni nyembamba.

"Lipa, umemsikia rabi."

"Rabi anaogopa magazeti."

"Anaogopa makaburi! Mimi ndiye ninayepigiwa simu, Lipa, si wewe. Juzi wanawake watatu kwa siku moja."

"Baba yangu alisali na wanaume kumi ndani ya kambi ya Hitler, mwanamke, Mjerumani yuko mlangoni na bunduki. Mimi nikatazwe na meya?"

"Baba yako alikuwa anawakimbia wauaji. Wewe unamkimbia nani? Muuguzi?"

 Nikasikia kiti kikisogezwa, na Lipa akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Miaka arobaini na moja sijawahi kusali peke yangu. Sijui inavyofanywa. Usiniombe hilo."

Nadhani sauti ile ndiyo iliyomshinda Frimet. Angekuwa mume wa kelele, angejua la kufanya.

Jiji lilikuwa limetoa namba ya simu ya kuripoti mikusanyiko. Frimet aliniambia baadaye kwamba aliiandika nyuma ya bahasha, akaiweka chini ya kopo la sukari, na siku mbili mfululizo aliitoa akaitazama. Kwetu, mtu anayemshtaki Myahudi mwenziwe kwa serikali ana jina lake, msaliti, na jina hilo linawafuata watoto na wajukuu wanapotafutiwa wachumba. Frimet ana wajukuu kumi na tisa. Bahasha aliichana.

Mmoja wa wale kumi alikuwa Feivish, mume wa Yides.

Yides hakujua kwamba Frimet hataki. Alidhani shoga yake amekubali. Yeye mwenyewe alikuwa hatoki, amefunga sebule ya mawigi, anaosha hata ndizi kwa sabuni. Lakini mumewe alirudi kila asubuhi kutoka chumba cha chini cha akina Landesman, akavua koti, akaketi mezani kwake kunywa chai. Siku ya tano Lipa alipata mafua, kwa maneno yake. Akalala siku mbili, akaamka. Feivish akakohoa siku nne. Kisha Yides akashikwa na homa ambayo haikushuka.

Vijana wa ambulensi ya mtaa walimchukua Jumatano, wamevaa kama wanaanga. Feivish aliachwa kwenye ngazi na begi dogo la mkewe mkononi, kwa sababu hakuna ndugu aliyeruhusiwa kuingia hospitali. Walisahau kulichukua begi.

Kesho yake Yides alimpigia Frimet. Nilikuwepo, Frimet alikuwa ngazini kwake, mimi kwangu, na aliweka simu kwa sauti ili nami nisikie.

"Shoga," Yides alisema. Alikuwa anavuta pumzi baada ya kila maneno matatu. "Nguo za hapa... ziko wazi nyuma. Fikiria. Mimi. Mbele ya madaktari."

"Watakuwa wamepona wote kwa kukuona," Frimet alisema.

Yides akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi hakikuisha. Tulingoja. Aliporudi alisema, "Uniangalie nywele. Wasinizike na nywele... zimesokotana. Na uje wewe. Usimtume Breindel. Mikono yake... barafu."

"Nipo hapa nakusikia, mama," nikasema.

"Najua upo, mtoto. Ndiyo maana... nasema."

"Utarudi nyumbani," Frimet akamwambia. "Pasaka tunaandaa pamoja."

"Haya," Yides alisema, kama mtu anayemwitikia mtoto. Jioni ile walimweka kwenye mashine ya kupumulia. Alikufa Jumamosi, na habari ilitufikia jioni Sabato ilipotoka, maana siku hiyo hatushiki simu, siku nne kabla ya Pasaka.

Kufikia hapo tulikuwa tumekwishakatazwa kuosha. Mwongozo wa serikali ulisema mfuko wa maiti wa korona usifunguliwe ila na watu wenye mavazi kamili ya kujikinga, na mavazi hayo yalikuwa adimu, hata wauguzi walikuwa wanavaa mifuko ya takataka. Rabi aliuliza madaktari, akatupigia sisi wanawake mmoja mmoja. Mfuko usifunguliwe. Sanda iwekwe juu ya mfuko ndani ya jeneza. Mungu anaona nia. Frimet alipokea maneno hayo akiwa amesimama na akajibu, "Ndiyo, rabi." Tangu siku hiyo tulikuwa tumewaweka wanawake kumi na mmoja hivyo, bila maji.

Jumapili asubuhi tulikwenda nyumba ya mazishi, yeye na mimi, tumevaa barakoa za kitambaa na glovu za jikoni za njano. Nje palikuwa na lori la barafu la kuhifadhia maiti, linanguruma. Yides alikuwa ndani, kwenye mfuko mweupe uliotiwa kwenye mwingine, na karatasi ya hospitali yenye jina lake lililokosewa herufi mbili.

Mzee aliyesimamia pale alimfahamu Frimet kwa miaka mingi. Alisimama mlangoni akikwepa macho yetu.

"Bi Frimet," alisema, "mimi natoka nje, nina simu za kupiga. Dakika ishirini, nusu saa. Maji ya moto yapo. Nikirudi sitauliza kitu."

Akafunga mlango.

Sijawahi kumwona Frimet akisita mbele ya maiti. Alikwenda bombani akafungua maji, akaweka mkono chini yake, kama anavyofanya siku zote kupima joto. Ndoo tatu zilikuwa zimepangwa. Akaja mezani akashika zipu. Nilisikia meno ya zipu yakiachana, mawili, matatu. Mimi nilikuwa nimekwishakunja mikono ya nguo. Ningemfuata. Sikufikiria homa wala mtoto wangu wa miezi minne, nilifikiria nywele tu, kwamba tumeambiwa nywele.

Akanitazama. Sijui aliona nini. Labda maziwa, kwa sababu yalikuwa yamevuja yakalowesha gauni.

"Hapana," akasema.

"Mama Frimet, hatutasema kwa mtu."

"Breindel, hapana. Tumekatazwa."

"Lakini yeye! Uliahidi!"

"Najua nilichoahidi!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti katika chumba kile. Akaifunga zipu. Mkono wake uliendelea kuishika muda mrefu baada ya kufunga. "Nyumbani kwangu nimeacha watu wavunje amri, na tazama. Hapa siivunji."

Akafunga bomba.

Tulitandaza vipande vya sanda juu ya plastiki, kimoja kimoja kwa mpangilio wake: suruali, shati, joho, mshipi, kofia. Kofia tuliiweka mahali tulipodhani kichwa kipo. Frimet aliisogeza juu kidogo, isifunike nyusi. Tukanyunyiza udongo wa Nchi Takatifu ambao huwekwa machoni. Ulianguka kwenye plastiki ukafanya sauti ya mvua ndogo. Mwisho wa kazi yetu tunamwomba marehemu msamaha, kwa jina lake na la baba yake, kama tumemkosea heshima katika kumhudumia. Siku zote ni maneno ya haraka. Frimet aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia mfuko.

"Yides binti Hersh," alisema. Maneno yaliyobaki niliyamaliza mimi.

Makaburini waliruhusiwa watu wachache. Perl, binti mkubwa wa Yides, alitazama kutoka ndani ya gari na vioo vimefungwa. Matanga ya siku saba yalidumu tatu tu, maana Pasaka ikiingia hukata matanga, ndiyo sheria yetu. Feivish aliketi mezani usiku wa Pasaka mbele ya sahani mbili. Alikuwa ameziandaa kwa mazoea.

Perl alimpigia Frimet siku ya pili ya matanga. Alikuwa amemwita mama mdogo tangu anajifunza kusema.

"Mama mdogo, niambie tu kitu kimoja, nilale. Ulimwosha?"

Wapo ambao wangesema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo.

"Hapana, mwanangu. Hatukuruhusiwa."

"Lakini mlikuwa wenyewe? Ndani?"

"Tulikuwa wenyewe."

Simu ilikatika. Baada ya wiki kadhaa Perl alisikia kwamba mahali pengine, ng'ambo ya mtaa wetu, waoshaji wengine walikuwa wanafungua mifuko kimyakimya. Kama ni kweli sijui. Lakini tangu siku hiyo, akikutana na Frimet dukani, aligeuza kigari chake akapita njia nyingine.

Majira ya joto maradhi yalipungua. Sinagogi zikafunguliwa, Lipa akarudi kwenye kiti chake, Feivish kwenye chake, mbele yake safu moja. Baada ya sala walikunywa pamoja glasi ndogo ya kinywaji kikali kama zamani. Sikuwahi kusikia kwamba mmoja alimwambia mwenzake neno lolote kuhusu chumba cha chini. Frimet aliishi na mwanamume huyo, akampikia, akamfulia, na aliponiongelesha juu yake alisema "yeye" tu, hakutaja jina.

Kabla ya Siku ya Upatanisho tunakwenda kwa watu tuliowakosea, uso kwa uso, kuomba radhi. Kama mtu hataki, unarudi, mpaka mara tatu. Frimet aliniomba nimsindikize kwa Perl. Tulisimama ngazini, barakoa usoni. Perl alifungua mlango nusu.

"Bi Frimet," alisema. Hakusema mama mdogo.

"Nimekuja kukwambia jambo ambalo hulijui," Frimet alianza. Alikuwa amelala nalo miezi sita, na alilitoa lote kwa mkupuo mmoja: chumba cha chini, wanaume kumi, mafua ya Lipa, namba ya simu chini ya kopo la sukari. "Baba yako aliyabeba maradhi kutoka nyumbani kwangu. Ningeweza kufunga mlango ule. Ningeweza kupiga simu. Mama yako alikufa kwa sababu yangu."

Perl alimsikiliza bila kubadilika uso.

"Hilo najua," alisema. "Sote tunajua. Baba hakuficha. Watu walikuwa wanasali, Bi Frimet. Mtu hahesabiwi kosa kwa kusali. Aliyechukua uhai wa mama ni Mungu, si Lipa."

"Perl..."

"Mimi sina neno juu ya chumba chenu. Nina neno juu ya maji. Mama yangu yuko kaburini na jasho la hospitali mwilini. Miaka zaidi ya ishirini ameosha wanawake wa mtaa huu, na siku yake, shoga yake alifunga bomba kwa sababu serikali imesema." Macho yake yalinigeukia, nikajua kwamba habari ya bomba, niliyomweleza dada yake mimi, imemfikia. "Hilo sikusamehe. Usijisumbue kurudi."

Frimet alirudi. Mara ya pili mlango ulifunguliwa na mume, akasema Perl amelala, saa nne asubuhi. Mara ya tatu haukufunguliwa, ingawa tulisikia watoto. Kwa sheria Frimet alikuwa ametimiza wajibu wake. Nilimwambia hivyo tukirudi, nikidhani namfariji. Akasema, "Kwa kosa lipi?"

Oktoba maradhi yalipanda tena na serikali ikatuwekea masharti upya, safari hii mtaa wetu na mitaa mingine michache tu. Watu walikasirika. Walijaa barabarani, wakawasha moto, wakatupa barakoa ndani yake. Lipa alikwenda, akarudi nguo zinanuka moshi. Asubuhi iliyofuata niliwasikia wakishuka uchochoroni, wawili wawili.

Lakini mlango wa chini haukufunguka. Frimet alikuwa ameununulia kufuli na kulitia mwenyewe, na amesimama mbele yake na aproni yake ya shule.

"Frimet, toa ufunguo," Lipa alisema.

"Sina."

"Usinitie aibu mbele ya watu."

"Nendeni nyumbani. Feivish, nenda nyumbani. Wewe hasa."

Feivish alitazama chini. Lipa hakugombana. Aliwageukia wenzake, akasema, "Twende kwa Zishe," na wakaenda. Zishe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na chumba chake cha chini ni kikubwa kuliko cha akina Landesman. Kufikia Sabato walikuwa ishirini na tano.

Tangu hapo Lipa alikula kwa mwanawe. Alirudi kulala tu. Frimet aliacha kundi letu. Nilipompigia kumwita kwa marehemu, alisema mikono inamuuma, na sikumbishia. Sikumweleza kwamba habari ya bomba ilitoka kwangu. Nadhani alijua.

Wiki ya kwanza ya Desemba ambulensi ilisimama kwa Zishe. Walimtoa mama mkwe wake, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiuza vifungo na nyuzi, na blanketi lake la bluu likiburuta ngazini. Frimet alikuwa dirishani. Nilipanda kwake na mtoto kiunoni, nikasimama nyuma yake.

"Mlango wangu niliufunga, Breindel," alisema.

"Uliufunga, mama."

Gari liliondoka bila king'ora. Aliniuliza kama mtoto amekula, nikasema bado, akaenda jikoni kumpashia supu.